Kangaja buluu, domino mkorofi na boksi la plastiki la Kariakoo

"Zima taa, mwachie mgeni gizani, asubuhi watakuwa wameshazoeana." Karibu kila niliyemuuliza jinsi ya kuingiza samaki mpya kwenye tangi lenye mwenyeji mkali alinipa ushauri huu, na muuzaji akaongeza kwamba wakigombana niwaache, watatulia wenyewe. Watatulia kweli, mmoja akishakufa. Giza linanunua saa chache tu. Taa zikiwaka, mwenyeji anatoka kwenye tundu lake lilelile, anakuta sura ngeni kwenye malisho yake, na kazi inaanza.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60, yaani kama lita 650. Mgeni alikuwa kangaja buluu, Acanthurus leucosternon, huyu wa kwenye miamba yetu mwenye uso mweusi, koo jeupe na pezi la njano mgongoni. Mwenyeji naye ni kangaja, Zebrasoma desjardinii. Wote wawili bapa, wote wanachunga mwani kutwa nzima, na hapo ndipo penye tatizo: samaki humwandama zaidi anayefanana naye kwa umbo, rangi au chakula. Jozi yangu ya samaki wa anemoni haikumtazama mgeni mara mbili. Kangaja ana wembe pande zote mbili za shina la mkia. Akikupa ubavu na kupiga mkia, anachana ngozi. Na hata asipochana, samaki anayefukuzwa kutwa hali wala halali, kinga yake inashuka, na vile vidoa vyeupe vya kimelea Cryptocaryon vinapata mlango.

Karantini, yaani kumtenga mgeni kwanza kwenye tangi la peke yake, siielezi sana: wiki nne hadi sita, anenepe, na chumvi ya mwisho iwe 1.025 kwenye kipimo cha uzito wa maji, sawa na tangi kubwa. Mgeni asiwe mdogo sana kuliko mwenyeji.

Kabla ya yote ilibidi nimtoe domino, Dascyllus trimaculatus, wale weusi wenye vidoa vitatu vyeupe ambao watu hushauri uanzishie nao tangi jipya kwa kuwa ni wa bei poa na hawafi haraka. Ni kweli hawafi. Wanapita sentimita kumi, kisha wanamiliki nusu ya tangi. Kwa wavu humpati. Anaingia kati ya mawe na kukuchungulia. Mtego wa chupa ya maji iliyokatwa shingo na kugeuzwa nao haufai, maana domino mkubwa ana kimo kirefu na mdomo wa chupa haumpitishi. Nilichotumia ni kopo kubwa la plastiki linaloonyesha, lile la peremende za dukani, lenye mdomo mpana. Nikafunga mshipi wa kuvulia shingoni mwa kopo, nikalilaza mchangani mdomo ukielekea maficho yake, na kuanzia hapo uduvi wote ukawa ndani ya kopo. Siri ni kutovuta mapema. Mwache aingie, ale, atoke, mpaka awe anaingia kabla hujaondoa mkono. Siku ya kuvuta, vuta juu kwa mkupuo mmoja: kopo linasimama mdomo juu, naye kwa hofu anakimbilia chini, yaani kwenye kitako cha kopo. Nilicheka peke yangu. Sasa anaishi tangi la chini kwenye chujio. Usimrudishe baharini, hata kama ni samaki wa huku; huwezi kujua amebeba ugonjwa gani.

Sasa boksi la kumfungia mgeni ndani ya tangi, waonane na mwenyeji bila kugusana. Ya dukani ya kutundika inauzwa bei ya kichekesho. Mimi nilinunua boksi la plastiki angavu Kariakoo, lita ishirini na kitu, haikufika elfu kumi na tano, nikalitoboa pande zote kwa msumari wa inchi sita uliopashwa moto, kisha msasa ndani na nje ili mapezi yasichanike. Fungia kwa vibano vya plastiki, kamwe si waya; shaba inaua kamba na matumbawe. Weka mfuniko wenye matundu, kangaja anaruka. Ndani mtupie kipande cha bomba la PVC ajifiche, na boksi likae panapopita maji ya pampu, maana boksi lenye maji yaliyotuama linamchosha mgeni.

Jambo ninalojivunia ni mahali pa kubandika mwani. Ule mkavu wa karatasi, usio na mafuta wala viungo, nilibana kipande ndani ya boksi na kingine nje, ukuta uleule. Mwanzoni mwenyeji alitanua mapezi, akabadilika rangi, akapiga ukuta kwa mkia. Njaa ikamshinda. Akaanza kula huku mgeni naye anakula upande wa pili, vidole viwili kutoka mdomoni mwake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu siku ya tatu usimfungulie. Kwa kawaida huchukua siku tano hadi kumi, ila usihesabu siku: mtazame mwenyeji. Akila pale bila kutanua mapezi, basi.

Asubuhi ya kumfungulia nilipanga upya theluthi moja ya mawe. Ukigeuza yote unatibua uchafu mwingi. Kila tundu liwe na njia mbili za kutokea, kwa sababu tundu la njia moja ni mtego wa mgeni. Nikaegemeza kioo cha kujitazamia nje ya tangi, mwisho wa mbali, mwenyeji akaenda kupigana na sura yake. Saa mbili tatu zinatosha, kioo kikikaa kutwa kinamchosha bure. Jioni nikamshibisha, taa zikapungua, nikalaza boksi mgeni atoke mwenyewe. Giza hapo lina maana, kwa kuwa kazi ilishafanyika.

Kukimbizana kidogo si hoja. Toa mmoja ukiona mapezi yamechanika, mgeni amejibana kona ya juu, au hajala siku mbili. Na ukitoa, mtoe mwenyeji, si mgeni! Mfungie boksini siku kadhaa. Akirudi atakuta eneo lina mtu na yeye ndiye mgeni. Vibanio vya mwani viwe viwili, kimoja kila mwisho wa tangi, na ulishe mara tatu kwa siku wiki za kwanza. Nikibakiza kimoja tu, hadi leo wanaanza tena.