Kodi ya Accra, dhahabu ya Kumasi

Mwenye nyumba wetu hapa Accra ametaka kodi ya miaka 2 kwa mkupuo. Wewe unayelalamikia kodi ya miezi 6 ya Sinza, Dar es Salaam, tulia kwanza. Sheria ya hapa nayo inasema miezi 6, lakini sheria haina nyumba ya kupangisha. Anayepanga kuhamia Ghana aje na hela ya kodi kabla ya hela ya kitanda.

Nimelipa, nimenuna, kisha nikasema kilichobaki tukakitumie na watoto Kumasi, kwenye makumbusho ya Kasri la Manhyia, kasri la wafalme wa Waashanti.

Nyumba yenyewe Waingereza waliijenga mwaka 1925 kwa ajili ya mfalme Prempeh I, waliyemrudisha mwaka mmoja kabla kutoka uhamishoni Ushelisheli. Waashanti wakagoma kupewa bure na watu waliolipua kasri lao mwaka 1874. Wakalipa gharama, ndipo mfalme akahamia. Hapo nikawapenda, mwenye nyumba wangu nikamweka kando.

Ndani kuna sanamu za wafalme na mama zao, ukubwa wa binadamu. Kitinda mimba wetu akaisogelea moja, akasema, "Shikamoo babu," akabaki anasubiri marahaba. Mtembezaji akacheka, akauliza tumetoka wapi. Nikamwambia mimi wa Bukoba, mke wangu Mganda wa Masaka. Akatuvuta pembeni: "Basi wafalme wenu walifungwa pamoja na wetu." Kabalega wa Bunyoro na Kabaka Mwanga wa Buganda walikuwa Ushelisheli hukohuko. Mwanga akafia huko mwaka 1903; mwili ukaletwa Kasubi, kwenye makaburi ya makabaka, mwaka 1910. Akawaeleza watoto taratibu, kana kwamba ni wajukuu waliochelewa msibani, na hela ya soda akaikataa.

Kilichonichefua ni dhahabu ya Waashanti. Mwaka 2024 makumbusho mawili ya London yalileta vitu 32, vingi viliporwa vitani, kwa mkopo wa miaka 3. Yaani uibiwe, halafu uandikishwe tarehe ya kurudisha! Makumbusho ya Fowler ya Los Angeles yalileta 7, yakaviacha moja kwa moja. Hata sisi fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe tulipoletewa mwaka 1954 hatukuambiwa ni la kuazima.

Sasa mama mkwe kasikia habari za Akwasidae, sikukuu ya kila wiki 6 ambapo Asantehene, yaani mfalme wa Waashanti, huketi hadharani Manhyia. Anataka kuja na gomesi yake. Nauli analipa nani, bado tunajadiliana.