Kidole kimoja ni pesa ngapi? Hesabu ya WIBA vile naiona mimi

Mtu akiumia kazini hapa kwetu, swali la kwanza mtaani huwa ni "alilipwa ngapi?", na majibu ni ya uvumi mtupu. Ati yule wa Athi River alipewa milioni, mwingine kidole ni hicho hicho akapewa elfu themanini, basi watu wanaanza kusema huyu alionewa, yule alijuana na mkubwa fulani. Mimi ni shopstiwadi, yaani mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kwa kiwanda cha mabati na hizi fomu zimepita mikononi mwangu nyingi kiasi, so wacha niandike vile pesa hufika kwa hiyo namba, juu watu wanapigania kitu moja na kuibiwa kwa kitu ingine.

Sheria yenyewe ni WIBA ya 2007 (Work Injury Benefits Act, yaani sheria ya fidia ya walioumia kazini), ile ilitoa ile ya zamani ya fidia ya wafanyakazi, Cap 236. Hesabu yake ni ya shule ya msingi kabisa: mapato yako ya mwezi mara 96, halafu mara asilimia ya ulemavu. Hiyo 96 ni miezi, yaani miaka minane. Kwa hivyo mtu wa 20,000 akiandikiwa 10% ni 20,000 mara 96, unapata 1,920,000, asilimia kumi yake ni 192,000. Meneja wake wa 200,000 akikatwa kidole hicho hicho kwa mashini hiyo hiyo analipwa 1,920,000. Kidole ni kimoja, pesa ni mara kumi, na hapo ndipo uvumi wote wa mtaani hutokea, hakuna aliyehonga mtu. Kama ni haki ama si haki, mimi naona si haki sana, juu meneja bila kidole ataendelea kusaini barua na operata wa mashini bila kidole atahamishwa stoo ama aambiwe aende nyumbani, lakini ndivyo sheria ilivyoandikwa.

Hiyo asilimia nayo haitoki kwa hewa. Nyuma ya sheria kuna jedwali la kwanza, limeorodhesha viungo na namba zake. Kupoteza mikono yote miwili ni 100%, miguu yote miwili 100%, macho yote 100%, kupooza mwili mzima 100%, kuumia mpaka uwe mtu wa kitandani maisha yako yote 100%. Kutoka hapo zinashuka, mkono mmoja, mguu mmoja, jicho moja, vidole, na vidole vyenyewe vinahesabiwa kwa pingili, kukatika ncha na kukatika mpaka kwa ngumi si kitu kimoja. Jeraha lisipokuwa kwa jedwali, mkurugenzi wa DOSH (idara ya serikali ya usalama na afya kazini) ndiye anaamua asilimia, lakini asitoke nje ya mwelekeo wa hilo jedwali. Na kuna kamlango kadogo hapo watu wengi hawakajui: kama jeraha limekuathiri vibaya kupita kawaida kwa sababu ya aina ya kazi yako, mkurugenzi anaweza kupandisha asilimia. Fundi wa cherehani aliyepoteza kidole cha kushikia kitambaa ana la kusema hapo. Sema basi, usikae kimya ukingoja mtu akuonee huruma!

Anayeandika asilimia kwa mara ya kwanza ni daktari, kwa ile fomu ya DOSH/WIBA 1. Mwajiri anajaza upande wake, daktari upande wake. Shida ninayoona kila mara ni haraka. Mtu bado ana nyuzi kwa kidonda, HR anamharakisha aende kwa daktari "amalizie fomu", daktari anaangalia, anaandika kitu kidogo, miezi minne baadaye kidole kimekauka hakikunji tena na karatasi tayari inasema ulemavu ni wa kupuuza. Ulemavu wa kudumu unapimwa kidonda kikishapona na ijulikane kiungo kimebaki vipi. Mwajiri naye ana haki ya kukupeleka kwa daktari wake kwa gharama yake, usikatae, enda, ila hakikisha ripoti ya daktari wako unayo kopi yake nyumbani.

Sasa nije kwa kile kilichonifanya niandike. Wote tunapigania asilimia, tunabishana kama ni 10 ama 15, na hakuna mtu anaangalia ile laini ya mapato. Kuna kijana tulifanya naye shifti, mashini ya presi ilimpitia vidole viwili vya mkono wa kulia. Daktari akaandika 15%, sote tukaona ni sawa. Mimi nikachukua fomu nikaisoma polepole pale kantini huku yeye ananishikia chai kwa mkono wa kushoto, kwa mapato imeandikwa 22,000. Nikamwambia toa pesilipu. Besiki 22,000, ndiyo, lakini kuna haus alawansi 3,300, na ovataimu ambayo alikuwa anafanya kila wiki bila kukosa, kwa wastani 2,700 kwa mwezi. Jumla 28,000. Piga hesabu sasa: 22,000 mara 96 mara 15% ni 316,800. 28,000 mara 96 mara 15% ni 403,200. Tofauti ni 86,400, na hakuna mtu alibishana na daktari hata sekunde moja. Aliyeijaza akasema alidhani ni besiki peke yake. Labda alidhani kweli.

Sheria inasema mapato ni pamoja na thamani ya chakula ama nyumba unayopewa na mwajiri, na ovataimu ama malipo mengine yanayokuja kwa kawaida. Kinachotolewa nje ni ovataimu ya kubahatisha, kazi ya siku moja moja, pesa ya kurudishiwa matumizi kama nauli ya safari ya kikazi, na zawadi ambazo boss hutoa akijisikia. Kwa hivyo mtu asiwadanganye ati ni besiki. Vibarua ndio huumizwa zaidi hapa, mtu wa mjengo analipwa 800 kwa siku kwa mkono, hana pesilipu, foromeni anasema "huyu alikuwa amefanya siku mbili tu". Siku mbili bado umeumia kazini. Kama muda ni mfupi hauwezi kutoa wastani, inaangaliwa mtu wa kazi kama yako hupata ngapi. Tafuta mashahidi na meseji za M-Pesa, hizo zimeokoa watu wengi kuliko kontrakti.

Kitu ingine, fidia ya ulemavu na pesa ya hospitali ni mifuko miwili tofauti. Mwajiri anatakiwa alipe matibabu yanayofaa, usafiri wa kupelekwa hospitali, mpaka mguu wa bandia na magongo kama yanahitajika. Nimesikia mtu akiambiwa "tumia kadi yako ya SHA halafu tutaona", yaani bima ya afya ya serikali. Tutaona nini? Na ukiwa umelala nyumbani hujiwezi kwa siku tatu ama zaidi, kuna malipo ya muda ambayo ni sawa na mapato yako, mpaka miezi 12. Hayo hayakatwi kwa ile mara 96.

Halafu kuna hili la "ulijitakia mwenyewe". Supavaiza hupenda sana hii, ati hukuvaa glavu, ati ulikuwa kwa simu. WIBA haikuulizi nani alikosea. Ukiumia ukiwa kazini unalipwa, hata kama ulizembea. Kinachoweza kukunyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi kabisa, na hata huo, kama umeishia kwa ulemavu mkubwa ama kifo, fidia bado inalipwa. Gari la kampuni likikubeba kwenda ama kurudi kazini likapata ajali, hiyo inahesabiwa ajali ya kazini. Matatu uliyojilipia mwenyewe ni hadithi ingine.

Wazee watakwambia zamani ilikuwa bora, unatafuta loya, unaenda kwa hakimu, unapewa pesa ya maumivu na ya mapato ya baadaye, korti inagawa makosa, mwajiri 80 wewe 20. Ni kweli zingine zilikuwa kubwa. Lakini ulikuwa lazima uthibitishe mwajiri alikosea, na kesi ilikuwa inazeeka na wewe. Chama cha mawakili kilipinga hii sheria, High Court ikafuta sehemu zake 2009, Court of Appeal ikazirudisha nyingi 2017, na Disemba 2019 Supreme Court ikafunga mjadala: madai ya kuumia kazini yanaanza kwa mkurugenzi, si kwa korti. Maumivu hayana bei siku hizi. Hapo mimi nakubaliana na mawakili, mtu aliyechomwa uso na asidi na bado anafanya kazi vizuri, kwa hilo jedwali anaweza kuonekana kama mtu hana shida kubwa.

Kama mtu amefariki, hesabu ni ile ile ya miezi 96, inaenda kwa waliokuwa wanamtegemea, na gharama ya mazishi iko kando. Mtu wa 15,000 ni 1,440,000. Familia zinagombana sana hapa, nitaandika siku ingine juu hiyo ni stori ndefu.

Saa ndizo hunyonga watu. Mwajiri anafaa kuripoti kwa DOSH ndani ya saa 24 kama kuna kifo, siku 7 kama ni kuumia tu. Wewe una miezi 12 tangu siku ya ajali kudai, na "tutakuita" ya HR inaweza kumaliza hiyo miezi yote. Mwajiri akikataa kuripoti, panda gari uende ofisi ya DOSH ya kaunti yako mwenyewe, ukiwa Nairobi ni pale Safety House, Commercial Street. Ofisi ikishapiga hesabu inatoa fomu ya DOSH/WIBA 4 yenye namba yako, na mwajiri ama bima yake ana siku 90 kulipa. Bima huja na karatasi ya dischaji, ya kukubali umelipwa na dai limeisha, uisaini kabla ya cheki. Usisaini ukiwa umesimama kwa korido. Linganisha namba ya dischaji na ya fomu, maana nimeona dischaji iko chini ya fomu na mtu anaambiwa hiyo ndiyo iko, chukua ama uache.

Na kama shida ni fomu yenyewe, mapato yameandikwa pungufu ama asilimia huikubali, una siku 60 za kuweka pingamizi kwa mkurugenzi kwa maandishi, yeye anajibu ndani ya siku 14, na jibu lisipokuridhisha unaenda Employment Court ndani ya siku 30. Yule kijana wa presi hakufika huko, alirudisha fomu na pesilipu za miezi sita zimepigwa pini nyuma yake, ikarekebishwa, akalipwa 403,200. Wale wengine wawili walioumia mwaka huo huo kabla yake hatujajua walijaziwa ngapi, mmoja alishahama. Huyo mwingine amesema ataniletea kopi yake wiki hii tuiangalie.