Mpira Unaolia

Agosti 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, akina mama wa soko la Kibuye waliuliza omena sasa zitabebwa na nini. Mimi nilikuwa na swali langu ambalo hakuna aliyejali kulisikia. Juala lilikuwa kifaa changu cha kazi. Aliyewahi kuwachezesha watoto wasioona anaijua hila hiyo: unaufunga mpira ndani ya juala, unakaza fundo, na mpira ukibingirika unachakarisha, mtoto anaufuata kwa sikio. Sasa juala hilohilo lingeweza kuniletea faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Raunda, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia vituo, naipenda, lakini si kiasi hicho.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi ya umma upande wa Kano, nje kidogo ya Kisumu, yenye yuniti ya watoto wenye mahitaji maalum. Kwenye ratiba, yuniti na darasa la tano walikuwa na kipindi kimoja cha michezo Ijumaa mchana. Ukija uwanjani ulikuta darasa la tano wanacheza, na yuniti wamekaa chini ya mwarobaini wanapiga makofi. Wageni walipotutembelea tuliambiwa tuuite mchezo jumuishi.

Suluhisho la mpira lilitoka kwa fundi wa baiskeli wa pale stejini. Nilimwomba gololi zilizochakaa, akanijazia nusu kopo. Nyumbani nikapasua mpira wa tenisi kwa wembe, mpasuo mdogo tu, nikazisukuma gololi ndani moja moja. Nikautikisa. Kimya. Grisi ilikuwa imezigandisha pamoja. Ikabidi nizitoe, nizioshe kwa mafuta ya taa, nizikaushe kwa gazeti, ndipo nikazirudisha na kuziba kwa gundi na kuzungushia selotepu. Safari hii mpira ulilia hadi jirani akauliza nimenunua kayamba. Fundi naye, nilipomwonyesha, alikumbuka mwaka 2003, Kenya ya Steve Tikolo ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Akataka kujua kama huu ndio mpira waliotumia.

Hakukosea sana. Kriketi ya wasioona huchezwa kwa mpira wenye vitu vinavyolia ndani, na inasimuliwa kwamba ilianzia Melbourne mwaka 1922, wafanyakazi wawili wa kiwandani wasioona walipotia mawe kwenye mkebe. Sheria zake nyingi niliziiba mzima mzima na kuzitia kwenye raunda yetu. Mrushaji anarusha mkono ukiwa chini, na mpira lazima uguse ardhi kabla ya kumfikia mpigaji. Kabla ya kurusha anauliza, "Tayari?" Mpigaji akijibu ndiyo, mrushaji anasema, "Cheza!" Wengine wote wanyamaze mpaka gongo ligonge. Kuwanyamazisha watoto wa darasa la tano Ijumaa mchana ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kulipwa mshahara kuifanya.

Uwanja nao ulikuwa na mambo yake. Udongo wa Kano mweusi mvua ikinyesha unavua watu viatu, na kiangazi unapasuka nyufa za kumeza ncha ya mkongojo. Kwa hiyo tulihamia kipande cha muramu karibu na mlingoti wa bendera. Vituo vinne tuliviweka karibu karibu, na kila kituo kikawa na mtoto wa kupiga makofi ili anayekimbia ajue aelekee wapi. Asiyetaka kurushiwa mpira aliruhusiwa kuupiga ukiwa umewekwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Ruhusa hiyo ilikuwa ya kila mtu, na walioikimbilia kwanza walikuwa vijana wawili wa darasa la tano waliozoea kukosa kila mpira.

Timu nilizichanganya. Katika timu moja alikuwamo mvulana asiyeona ambaye wenzake walimwita Rada. Upande mwingine nahodha alikuwa msichana wa mikongojo, mwenye sauti ya kondakta wa matatu. Yeye alipiga gongo kwa mkono mmoja huku ameegemea mkongojo, na mwenzake akamkimbilia.

Ilikuwa Machi 2018, jua limewaka kisawasawa. Zamu ya Rada ilipofika watu walinyamaza bila kuambiwa. "Tayari?" "Tayari." "Cheza!" Mpira ukaja unarindima juu ya muramu, Rada akainama, akashusha gongo kama anayefagia, akaupata. Hakuupiga mbali, lakini aliupiga. Shangwe ikalipuka na papo hapo ikazimwa ili asikie makofi ya kituo cha kwanza. Akakimbia, kidogo kidogo, mkono mmoja mbele. Akafika. Makofi ya kituo cha pili yakaanza, akaenda. Katikati ya kituo cha pili na cha tatu akasimama.

"Kimbia, Rada!"

Hakukimbia. Alinigeukia. "Madam, mimi nimetoka."

"Nani amekutoa?"

"Hakuna. Ndiyo maana." Akanyosha kidole. "Mpira uko kwa huyo hapo. Yuko kwa kituo na ananingoja nipite."

Kidole kilikuwa kimemlenga barabara mvulana wa darasa la tano aliyesimama kwenye kituo cha tatu, mikono nyuma ya mgongo. Alijitahidi kutulia kama askari wa gwaride. Gololi moja ikaanguka ndani ya mpira, kriii, na watoto wote wakaangua kicheko isipokuwa hao wawili.

"Nilikuwa namsaidia, Madam," mvulana akasema.

Rada akaketi chini hapohapo kwenye muramu. Kesi ikaanza. Wengine walisema arudi mwanzo, wengine walisema apewe tu pointi yake maisha yaendelee, na mmoja akashauri tumuulize mwalimu mkuu. Nahodha wa mikongojo ndiye aliyekata maneno, ingawa Rada hakuwa wa timu yake. Yeye ndiye alikuwa ameumizwa na vijana wake kuachia mtu makusudi. "Sikizeni. Yeye akipiga, mpira upite kwa mikono ya watu watatu kwanza. Lakini wakimaliza hao watatu, hakuna kungoja mtu. Na mimi mkinihurumia nitawachapa na hii." Akainua mkongojo.

Nikaona hapo ndipo pa kuwaambia jambo ambalo nilikuwa nimeliweka akiba: katika kriketi ya wasioona, mikimbio ya mpigaji asiyeona kabisa huhesabiwa mara mbili.

Rada akainua kichwa. "Hiyo iko kwa sheria?"

"Iko. Hata kwenye Kombe lao la Dunia."

"Basi sawa," akasema, akasimama na kujipangusa vumbi.

Nahodha akalalamika kwamba mara mbili ni nyingi mno, kwamba hiyo timu sasa itawashinda. Nililifurahia lalamiko hilo kuliko shangwe zote za siku ile. Tangu nifike shuleni pale sikuwa nimesikia mtu yeyote akiogopa kushindwa na mtoto wa yuniti.

Sheria ya mikono mitatu ilizaa ujanja wake mara moja. Kulikuwa na mtoto wa yuniti mwenye ulemavu wa akili ambaye mpira ukimfikia aliuweka kwanza sikioni, akautikisa, akacheka, akautikisa tena. Timu ya Rada ikagundua kwamba ukipiga upande wake una muda wa kwenda kunywa maji na kurudi. Wakawa wanampigia makusudi. Nilitaka kupiga filimbi, nikaiacha mdomoni, maana wenzake walikuwa tayari wameshalitafutia dawa: walimweka msichana mmoja kando yake wa kumnyoshea viganja vitupu. Akionyeshwa viganja vitupu, aliutoa mpira palepale, tena kwa heshima, kama anayepeana sadaka.

Rada alipiga tena kabla ya kengele. Mara hii mikono mitatu ilipita upesi, na yule mvulana wa kituo cha tatu, uso umemwiva kwa aibu ya mwanzo, akauvurumisha mpira kituo cha nne ukafika pamoja na mguu wa Rada, au nywele moja mbele yake. Nilimwambia ametoka. Akasema mguu ulitangulia, kwamba aliusikia mpira ukidakwa baada ya yeye kukanyaga, na kwamba mimi ndiye nisiyeona.

Nyanya yake alikuwa ameshafika langoni kumchukua. Akanisogelea kwa wasiwasi. "Mwalimu, kwani huyu amegombana na nani?"

"Na refa, dani."

"Refa alinunuliwa!" Rada akapaza sauti, na nahodha wa mikongojo, aliyekuwa ameshinda, akamjibu kwamba hata angenunuliwa, pesa yenyewe wangeitoa wapi.