Kadi ya mlango ilivyogoma usiku

Nilifika hotelini jioni nimechoka vibaya. Bukingi nilifanya kwa jina ninaloitwa kila siku, ila pasipoti bado ilikuwa na jina la zamani na herufi M ya "male", yani mwanaume, hivo nikamwambia dada wa risepsheni kwa sauti ya chini kwamba mimi ni mwanamke transijenda, yani nilizaliwa nikahesabiwa mvulana ila ni mwanamke, na naomba nisiitwe Bwana. Akasema hamna shida dada yangu, akalifuta hilo neno kwenye kompyuta naona kabisa, ndo akaskani pasipoti, nikasaini fomu, akanipa kadi nikapanda juu.

Saa 4 usiku nikashuka kufuata chaja niliyoiacha kwenye makochi ya chini, kurudi kadi haifungui, inawaka taa nyekundu tu. Nikarudi risepsheni nikakuta zamu imebadilika, yupo kijana mwingine. Akasoma skrini, akaangalia gauni langu, akasoma tena.

"Hiki chumba kina mgeni wa kiume. Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia ni mimi. Akasema samahani dada, siwezi kukupa ufunguo wa mtu mwingine. Na pasipoti iko ndani!

Yani niliumia, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba yule kijana hakuwa na ubaya, ile sheria ndo inayonilinda hata mimi nikiwa nimelala, asije mtu akajiita mimi akapewa chumba changu. Watu wawili nyuma yangu wanasikiliza kila kitu. Nikaona nikianza kubishana mimi ni nani pale mbele za watu sitoboi, nikaomba meneja wa zamu, nikasogea pembeni.

Alipokuja nikamwonyesha imeili ya bukingi yenye namba, nikamtajia tarakimu 4 za mwisho za kadi ya benki, nikamwomba tupande wote na mlinzi wafungue wao nitoe pasipoti. Kwenye lifti hakuna aliyeongea. Ile picha ina ndevu, nikaishika karibu na shavu langu nikasubiri huku moyo unadunda, yule mama meneja akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaniomba nisaini kwenye karatasi akalinganisha na sahihi ya jioni. Akasema ni wewe, pole sana mwanangu.

Pole niliipokea lakini nikamwomba tushuke tuangalie lile neno limerudije. Kumbe ni skana! Chini ya picha kuna mistari miwili ya herufi na namba, ule wa pili nafasi ya 21 ndo inakaa jinsia, mashine ikaisoma ile M na programu yao ikajaza Bwana yenyewe, juu ya kile dada alichokwisha kufuta. Nikamwambia jina na herufi ya pasipoti acheni, najua mnatakiwa kuandikisha hivohivo, ila pasipoti yangu haina neno Bwana popote, hilo mmeliweka nyie. Akalifuta, akaweka maelezo ya kuniita kwa jina langu, akanitengenezea kadi mpya na mlinzi akanisindikiza mpaka nione taa ya kijani.

Asubuhi naondoka, ankara ikatoka imeandikwa Bwana, ilikuwa imeandaliwa kabla. Nikairudisha. Yule kijana wa usiku alikuwa bado yupo, akaichana mwenyewe bila kuulizwa, akachapa nyingine.