Alama ya kumfuata panya wa maabara ilikuwa inarukaruka kwenye video, kumbe ni taa

Jana nimelala usingizi wa maana. Naandika haya ili mwenzangu asipoteze wiki mbili kama mimi.

Natengeneza programu ya kufuatilia panya weupe kwa OpenCV (maktaba ya programu za kuchambua picha na video), katika maabara moja hapa Kampala. Kamera iko juu ya boksi. Programu inaondoa mandhari ya nyuma na kufuata doa linalobaki. Shida ni hii: panya ametulia, anajipangusa masharubu, lakini alama yake inaruka kona hadi kona kama panzi.

Nikapandisha kizingiti (kiwango cha tofauti ya mwanga kinachohesabiwa kuwa mwendo), nikalainisha picha, nikabadilisha hata algorithimu. Wapi!

Kilichonifungua macho ni umeme kukatika. Tukawasha balbu za betri ya sola, na kompyuta ya mapajani ikaendelea kurekodi kwa sababu tu nilikuwa mvivu wa kuizima. Alama ikatulia juu ya panya kana kwamba imegandishwa kwa gundi.

Umeme wetu wa gridi ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za maabara zinazoutumia humeta mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Kamera, kwenye mpangilio wake wa kuzuia kumeta kwa taa, ilikuwa imewekewa hezi 60, kama umeme wa Marekani. Fremu (picha moja ya video) moja angavu, nyingine hafifu, na programu ikadhani sakafu nzima inatembea.

Basi kwenye mipangilio ya kamera nikaweka 50, nikazima mwangaza otomatiki, nikafunga muda wa kupokea mwanga kwenye 1/50 ya sekunde, fremu 25 kwa sekunde. Halafu nikapiga upya picha ya boksi tupu, ile ya mandhari ya nyuma ambayo programu huiondoa. Hiyo niliisahau mwanzoni, ikanila alasiri nzima.