Mbwa wangu kaning'ata jana, na sina hata hasira naye

Jamani jana nimepata presha. Mbwa wangu kakanyaga kipande cha chupa huko nje, mi niko ndani nashangaa tu anaingia sakafu nzima nyayo za damu, nikachanganyikiwa. Nikamkimbilia nimshike mguu, akaning'ata mkono! Mbwa niliyemlea toka mdogo, yaani maumivu hayajui bosi. Ndo nikakumbuka kumfunga mdomo kwanza, nikachukua soksi ndefu nikaizungusha nikafungia nyuma ya masikio (kama anatapika au anahema kwa shida usithubutu, atapaliwa).

Halafu nikabana kidonda kwa taulo safi, ila kila baada ya sekunde kadhaa nafunua nione kama damu imekata, kumbe ndo nabandua ile iliyoanza kuganda. Daktari wa mifugo kwenye simu akasema bana dakika 5 mfululizo bila kuchungulia, taulo likilowa ongeza lingine juu yake. Akaniambia pia nibonyeze ufizi wa mbwa kwa kidole niachie, kuona kama damu bado inazunguka vizuri: rangi ya pinki irudi ndani ya sekunde 2. Ikarudi, nikashusha pumzi.

Nikamuuliza nimpe parasetamoli? Weee, nilipigiwa kelele! Dawa zetu hizi zinaweza kuwaharibu ini, na paka ndo kabisa, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.

Kashonwa nyuzi 4. Sasa hivi kalala ananiangalia kama mimi ndo niliyevunja hiyo chupa.