Chapati za Maji za Oti kwa Kifungua Kinywa

Chapati za maji zinapendwa asubuhi katika nyumba nyingi kwa sababu hazihitaji kukanda wala kusukuma. Kwa muda sasa nimekuwa nikizipika kwa oti badala ya unga mweupe wa ngano, na ningependa kueleza namna ninavyofanya, kwa kuwa oti ina tabia zake, na anayeipika kama ngano ataishia kuokota vipande vipande kwenye kikaango.

Unga wa ngano ukikutana na maji hutoa gluteni, ambayo ndiyo huifanya chapati nyembamba ikunjike bila kuchanika. Oti haina mvutano huo. Hata watu wa Staffordshire, Uingereza, ambao wamekula chapati nyembamba za oti kwa vizazi vingi, kwa kawaida huchanganya unga wa ngano na kutia hamira. Mimi kazi ya kushikamanisha nimeikabidhi mayai: kwa kikombe kimoja cha oti kavu naweka mayai mawili, maziwa kikombe kimoja, chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa, kisha nasaga vyote kwa blenda mpaka chembechembe zisionekane tena. Oti ziwe za kawaida, zisizotiwa ladha, kwani zile za vipakiti vyenye ladha mara nyingi zimeshaongezwa sukari.

Mchanganyiko ukishasagwa, uachwe utulie kwa dakika 10 hadi 15, na hatua hii naihesabu kuwa muhimu kuliko zote. Oti ina nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani ambazo hufyonza maji na kuwa na utelezi kama wa ute, hivyo ule mchanganyiko uliokuwa mwepesi utaukuta umekuwa mzito, na hapo ndipo unapoongeza maziwa kidogo kidogo mpaka uteremke kutoka kwenye upawa kama tui la kwanza.

Nyuzinyuzi hizo hizo ndizo zinazoipa oti sifa yake ya kiafya. Zikiwa tumboni hukifanya chakula kiwe kizito na kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Tena hunasa asidi za nyongo, zile ambazo ini hutengeneza ili kusaidia kumeng'enya mafuta, na kutoka nazo, ikabidi ini litumie kolesteroli ya kwenye damu kutengeneza nyingine, na hivyo kolesteroli hiyo hupungua. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu maelezo kwenye pakiti kwamba gramu 3 za nyuzinyuzi hizo kwa siku, katika mlo wenye mafuta mgando kidogo na kolesteroli kidogo, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, na kikombe kimoja cha oti kavu hukaribia kiasi hicho. Hata hivyo, oti iliyosagwa laini humeng'enywa haraka kuliko iliyo nzima, na kwa sababu hiyo sitii sukari hata kidogo. Anayetaka utamu asage humo nusu ya ndizi mbivu.

Kikaango kiwe kile kisichoshika, moto uwe wa wastani, na mafuta yapakwe kwa kipande cha kitunguu kilichochovywa, ili yasizidi. Mimina upawa mmoja, zungusha kikaango mara moja, kisha usiiguse. Uso utaanza kupoteza mng'ao kutoka pembeni kuelekea katikati, vitundu vidogo vitatokea, na kingo zitajinyanyua zenyewe. Ukiigeuza kabla ya hapo itachanika, ila ukingoja, mwiko mpana utapita chini yake bila shida. Upande wa pili hauhitaji hata dakika nzima.

Mimi hupenda kuzikunja na parachichi lililopondwa kwa ndimu na chumvi, au mchicha uliokaangwa na nyanya, na kwa watoto siagi ya karanga na ndizi. Oti ni ghali kuliko unga wa ngano, hilo halina ubishi, lakini chapati mbili zenye kitu cha maana ndani yake hunifikisha saa saba mchana bila kutafuta andazi.

Mchanganyiko ukibaki, ufunikwe na kuwekwa kwenye jokofu mpaka kesho yake asubuhi. Utakuwa umeganda sana, kwa hiyo ongeza maziwa na kuukoroga upya kabla ya kuwasha moto.